Kaktasi isiyo na miiba imelainika chini

Dada, unasema kaktasi yako isiyo na miiba, ile ya mbavu 8 na vidoa vyeupe, imelainika chini tangu mvua zianze hapa Goma. Usiipe maji tena hata tone. Itoe kwenye chungu leo hii, kung'uta udongo, uangalie mizizi. Iliyo hai ni migumu. Iliyooza inabaki mkononi kama ganda la ndizi lililolowa. Kata yote mibovu kwa kisu safi, paka unga wa makaa, uiache kivulini siku 7 hadi kidonda kikauke.

Nadhani shida ni udongo wako mzito. Mmea huu adimu, Astrophytum asterias, kwao ni kusini mwa Texas na kaskazini mashariki mwa Meksiko, kwenye ukame. Bahati yetu mawe ya volkano yamejaa kila kona. Ponda, chekecha upate punje kama za mahindi, kisha osha mpaka maji yawe safi kabisa. Vumbi lake likibaki hushikana kama simenti. Mmoja wangu ulikufa hivyo, na bado unaniuma. Changanya vikopo 3 vya mawe na 1 cha udongo. Weka barazani chini ya bati, jua la asubuhi tu. Ukishapanda, subiri wiki nyingine ndipo umwagilie.