Dalali Si Mthamini, Dada Yangu

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji: "Tunaachana. Mume wangu kaleta mtu kaangalia nyumba, kasema ni milioni 30. Nisaini tugawane?" Usingizi ukaniruka. Meseji ile ningeweza kuiandika mimi miaka minne iliyopita.

Usisaini.

Nyumba yetu ilikuwa Kivule, Dar es Salaam, vyumba vitatu, bati la msauzi, kisima nyuma. Kisima kile kilichimbwa kwa hela yangu ya mchezo; yeye alileta fundi tu, lakini ukimsikia! Baraza la usuluhishi wa ndoa likashindwa kutusuluhisha, tukafika mahakamani, mwenzangu akatoa karatasi ya dalali wa kijiweni pale mtaani. Milioni 28. Dalali mwenyewe hakuvuka geti. Nilimwona kwa dirisha la jikoni, kasimama kivulini chini ya mwembe, anakunywa soda aliyonunuliwa na mume wangu. Dakika kumi, kwa jicho tu. Na nikiri, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitaka kusaini niondoke zangu.

Shangazi ndiye aliyenishika mkono. Tukatafuta mthamini, mtaalamu wa kupima thamani ya nyumba, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Siku ya kuja nikafua mapazia, nikapiga deki kama napokea wakwe. Hata hakuyatazama! Alizungusha futikamba kuta za nje, akachungulia darini, akafunua kisima, akapiga picha, akauliza viwanja vya jirani vimeuzwa bei gani. Akakata na uchakavu. Ripoti ikatoka: milioni 64.

Mle ndani kuna bei mbili, muwe macho: thamani ya soko, na thamani ya mauzo ya haraka ambayo huwa chini. Mwenzangu aling'ang'ania ya pili. Nani alikuwa anauza haraka? Yeye ndiye aliyetaka kubaki na nyumba.

Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi nusu kwa nusu; mahakama inapima mchango wa kila mmoja. Na tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Nimewapikia mafundi ugali miezi saba na mtoto mgongoni, jamani. Nikapewa asilimia 45. Pigeni hesabu: milioni 28.8. Fungu langu peke yake likapita bei ya nyumba nzima ya dalali. Siku ile nilitoka mahakamani natembea katikati ya barabara.

Kwa hiyo wanawake wenzangu, acheni aibu. Tunaogopa kuitwa wenye tamaa, wenzetu wanahesabu matofali. Mthamini, siyo dalali. Risiti za saruji peleka kwa mama yako leo hii. Halafu mthamini, narudia. Ila kama wewe ndiye unayebaki na nyumba, jua bei hiyo kubwa utamlipa mwenzio kwayo, usije ukanilaumu.

Mwezi jana nilikuwa Chanika natafuta kiwanja. Nikaletewa dalali, kumbe ni yule yule wa mwembeni. Hakunikumbuka. Akasimama kwenye kona ya shamba la mihogo, mikono kiunoni, akaniambia, "Mama, hiki kwa jicho tu, hakipungui milioni 15."

Nikamwomba asubiri nikachukue futikamba.