Mwenzi wa kuwinda kazi yake huanza bunduki ikishalia

Ndugu yangu uliyeuliza, umesema umefika Missoula mwaka jana, kozi ya usalama wa wawindaji umemaliza, leseni unayo, na sasa hujui kama utafute mwenzi au uingie milimani peke yako kama unavyowaona wengi hapa Montana, Marekani. Mimi nimewinda huku misimu saba. Miwili ya kwanza nilikuwa peke yangu, wa tatu nilikuwa na mwenzi mbaya, na tangu wa nne nina mwenzi mzuri. Nitakuambia niliyoyaona.

Watu wengi hutafuta mwenzi ili awasaidie kumpata mnyama. Hapo ndipo wanapokosea. Kwa kumpata mnyama, mara nyingi ni afadhali uwe peke yako. Wawili ni miguu minne juu ya theluji iliyoganda, ni harufu mbili kwenye upepo, na ni minong'ono. Nilichojifunza kuhusu upepo, na namna ya kukaa kimya saa tatu nzima mgongo ukiwa kwenye mti, nilijifunza nikiwa sina mtu. Mwenzi kazi yake huanza bunduki ikishalia.

Msimu wangu wa pili, mwanzoni mwa Novemba, nilipiga elki jike kilomita tano kutoka nilipoacha gari. Elki hana jina la Kiswahili ninalolijua. Fikiria mnyama wa jamii ya kulungu lakini mkubwa, anayekaribia pofu kwa umbo. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Nilifurahi kama mtoto, kisha nikasimama juu yake nikaona jua linazama. Jike wa namna hiyo ana uzito wa zaidi ya kilo 200, na hata ukitoa mifupa yote unabaki na nyama ya kilo 70 hivi. Nani ataibeba? Hesabu hiyo nilipaswa kuifanya kabla ya kufyatua, wala si baada.

Nikavaa tochi ya kichwani nikaanza kuchuna. Baridi ilikuwa kali, vidole vimekufa ganzi, na damu inateleza. Kisu kikaruka kikanikata kiganja cha kushoto. Kidonda hakikuwa cha kuua, lakini nilikifunga kwa shati kwa kutumia meno, gizani, nikijua kwamba mtandao wa simu haupo na kwamba mke wangu anajua tu nimekwenda "kuwinda". Wapi, hajui. Nilipandisha mapaja mawili kwenye tawi kwa kamba na mkono mmoja, mabega nikayaacha chini karibu na matumbo, nikateremka na minofu ya mgongo peke yake. Nilifika kwenye gari karibu saa sita usiku, jasho limeganda mwilini, natetemeka mpaka nashindwa kuingiza ufunguo. Asubuhi niliporudi, nyayo za dubu zilikuwa zimezunguka pale pote. Mabega yote yamekwenda. Nilimaliza kubeba yaliyobaki jioni, na kila hatua nilikuwa napiga kelele ili dubu anisikie. Nyama ya mnyama niliyemuua kwa mkono wangu nikaipoteza kwa kukosa mtu mmoja tu wa kushika tochi na kamba. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nikachukua mwenzi wa kwanza aliyejitokeza, tuliyefanya naye kazi. Mtu mcheshi, ana gari zuri, anajua mapori. Siku ya kwanza alitembea mbele yangu bunduki begani, mtutu unanitazama kifuani. Nilimwambia, akacheka, akasema imefungwa. Siku ya pili kundi la elki lilitoka mbio, akafyatua mara tatu katikati ya kundi. Mmoja alichechemea, tukaona damu kwenye theluji. Akasema baridi imezidi, turudi. Nilifuata damu ile peke yangu mpaka giza likaingia, sikumpata. Na njiani kurudi akaniomba kama nikipiga wa pili, tuweke tagi yake. Tagi ni kibali cha mnyama mmoja kwa mtu mmoja, na sheria ya Montana hairuhusu utumie ya mwenzako, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja. Sikwenda naye tena.

Usiku ule nilimkumbuka baba. Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania. Kabla ya vita baba aliwinda kwa nyavu na mbwa waliofungwa kengele za mti shingoni, na kule hakuna anayewinda kwa nyavu peke yake: wengine wanaswaga, wengine wanangoja kwenye wavu. Alitusimulia kambini kwamba kulikuwa na mwanamume mmoja hodari sana wa mkuki ambaye wao hawakumwita, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa akiingia bondeni penye miba, yeye anageuka. Nilipokuwa mdogo niliona wanamwonea. Sasa naelewa.

Mwenzi niliye naye leo ni mzee wa hapa hapa, nilikutana naye uwanja wa shabaha. Nilimwona anavyofungua bunduki na kuonyesha chemba, pale risasi inapokaa, kwamba ni tupu kabla hajampa mtu, kila mara, hata kwa anayemfahamu miaka. Nikamwomba tutembee Septemba, kabla ya msimu wa bunduki, kutafuta nyayo tu. Tukiwa nusu ya mlima akasimama, akasema goti limechoka, turudi. Pale pale nikajua nimepata mtu. Anayeweza kusema "turudi" bila haya, ndiye atakayekwambia ukweli hali ikiwa mbaya.

Kabla ya msimu wa kwanza tulikaa mezani kwake tukakubaliana. Nyama ni nusu kwa nusu, awe amepiga yeye au mimi. Aliyepiga anaweka tagi yake, lakini kufuata damu ni kazi ya wote mpaka wote wawili waridhike. Kila mmoja anajua mwenzake amekaa wapi, na upande ule haupigwi hata atokee dume wa ndoto. Risasi haiingii chemba mpaka tumeachana. Saa ya kukutana ikipita, anayengoja anangoja saa moja zaidi, kisha anafuata njia tuliyopanga. Wakati mmoja anachuna, mwingine anasimama akitazama msitu, dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu ikiwa kiunoni, siyo ndani ya begi. Nyama inasogezwa mbali na matumbo, mahali utakapoiona kwa mbali unaporudi. Na nguo ya rangi ya machungwa mwilini ili wawindaji wengine watuone, inchi 400 za mraba juu ya kiuno kama sheria inavyotaka. Mimi huongeza na kofia.

Peke yangu bado naenda. Kulungu wa mkia mweupe nikimpata ndani ya kilomita moja na nusu kutoka barabarani, kwenye mteremko wa kushuka, namtoa mwenyewe asubuhi na mapema. Lakini mke wangu ana karatasi jikoni: nimeegesha wapi, nitapanda kilima gani, nitarudi saa ngapi, na ikipita saa ngapi apige 911, maana kutafuta waliopotea ni kazi ya sherifu wa kaunti. Elki peke yangu, mbali, jioni? Hapana. Ninashusha bunduki, namtazama akipita. Nimeshafanya hivyo mara mbili, na moyo uliniuma mara zote mbili.

Kama huna mtu bado, usimchukue wa kwanza kwa sababu ya lugha au kwa sababu ya gari. Niandikie. Jumamosi ya kwanza ya Septemba mimi na Mzee tunatembea bila bunduki. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, njoo na viatu vilivyozoea mguu, na ukichoka, useme.