Natoa Mate au Natokwa na Mate?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi. Mwanafunzi wangu wa darasa la sita aliandika: "Nikinusa samaki wa kukaanga natoa mate." Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alimsahihisha iwe "natokwa na mate", ilhali kitabu cha sayansi kinasema "tezi hutoa mate". Je, kuna tofauti ya maana, au ni mtindo tu? Na udenda je, ni mate yale yale?

Jibu: Tofauti ipo, tena inakwenda sambamba na namna mwili unavyofanya kazi. Mwenzako amesahihisha vyema, na kitabu nacho hakikukosea, kwa kuwa kiima cha sentensi hizo mbili si kimoja.

Kitenzi "toa" humfanya kiima kuwa mtenda. Mhudumu wa maabara akikuambia "toa mate kidogo uyatie kwenye kikopo hiki", anakuagiza tendo unaloweza kulitimiza au kulikataa. "Tokwa" hakimpi mtu nafasi hiyo. Ingawa kina kiambishi -w- cha kutendwa, kimetokana na "toka", ambacho si kitenzi elekezi, yaani hakihitaji mtendwa, na nomino inayofuata "na" si mtenda kama ilivyo katika "amepigwa na Juma". Ni kile kinachomtoka mtu bila yeye kukiamuru. Ndivyo tusemavyo kuhusu jasho, machozi na damu ya pua. "Mate yananitoka" hubeba maana hiyo hiyo, kwani -ni- hapo humtaja anayepatwa na jambo.

Sasa tuutazame mwili wenyewe. Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate, yaani mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa kinywani. Ladha ikigusa ulimi, au meno yakianza kutafuna, neva hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na kutoka huko amri hushuka hadi kwenye tezi kwa njia ya neva nyingine, pasipo nia ya mtu kushirikishwa. Katika ladha zote, uchachu ndio wenye nguvu zaidi. Simama mbele ya kioo, dondosha tone la ndimu kwenye ncha ya ulimi, kisha uuinue: utaona majimaji yakichuruzika kutoka kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo chini yake, na hata ukitaka kuyazuia hayatakutii. Kwa hiyo tezi ndiyo inayotoa, na mtu ndiye anayetokwa. Hofu nayo hugeuza mambo: mate huwa machache na mazito, ndiyo maana aliyeogopa husema "mate yamenikauka", wala hasemi "nimekausha mate".

Mfano wa mwanafunzi wako wa harufu ya samaki unatupeleka kwa Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula. Pavlov aligundua kwamba mbwa walitokwa na mate hata kabla chakula hakijafika kinywani, kwa kuona au kusikia tu dalili zilizozoeleka kukitangulia. Waandishi wetu wengi husimulia habari hiyo kwa kusema "mbwa walifundishwa kutoa mate", na kauli hiyo inanisikitisha, kwa sababu inampa msomaji picha ya mbwa aliyefunzwa tendo kama anavyofunzwa kuketi au kuleta mpira. Kilichokuwa kimejengeka ni uhusiano kati ya ishara na chakula. Mate yenyewe yalimtoka mbwa bila hiari. Andika "mbwa walizoea ishara hiyo hadi wakawa wanatokwa na mate waisikiapo", na sayansi itabaki salama ndani ya sarufi.

Sentensi ya mwanafunzi basi iwe: "Nikinusa samaki wa kukaanga natokwa na mate." Akitaka kueleza jambo la kawaida kwa watu wote, aandike "mtu hutokwa na mate". Akumbuke pia kwamba mate hayana umoja, na upatanisho wake ni "mate mengi yananitoka", si "mate nyingi inanitoka" kama isikikavyo mitaani.

Udenda ni mate, lakini si kila mate ni udenda. Jina hilo ni la mate yaliyokwisha kupita midomo na kuchirizika kidevuni, kama ya mtoto anayeota meno au ya mtu aliyelala. Tena usimwambie mwanafunzi kwamba aliyelala hutokwa na udenda kwa kuwa mate yamezidi, kwani usingizini tezi hupunguza kazi sana. Mtu humeza mara chache, na kinywa kikiwa wazi, hayo machache hupata njia ya kufika kwenye mto.