Jibu kwa ndugu aliyeuliza: wapi pa kwenda kupanda miamba ng'ambo ukiwa na mke asiyepanda

Ndugu yangu, swali lako nimelielewa hivi: unaishi Lubumbashi kama mimi, ulijifunza kupanda miamba ulipokuwa masomoni Ubelgiji, umepata likizo ya majuma mawili, na safari hii unataka kwenda na mke wako, ambaye hapandi wala hana nia ya kujifunza. Umetaja Siurana ya Hispania, Kalymnos ya Ugiriki na Railay ya Thailand, ukaomba uambiwe wapi kuna njia bora zaidi. Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, lakini nakuomba kwanza uliweke kando hilo la njia bora, kwa sababu kote huko njia zenye boliti (vyuma vilivyopigiliwa mwambani vya kupitishia kamba) ni nyingi kuliko utakazoweza kuzigusa kwa majuma mawili, hata ungekuwa na vidole vya chuma. Kwa watu wa hali yetu, jambo la kujiuliza ni mwenzako atakuwa anafanya nini saa nne ya asubuhi, wakati wewe unaning'inia kwenye kamba.

Safari yetu ya kwanza nilichagua mimi peke yangu, na nilichagua Siurana. Ni kijiji kidogo cha Katalonia, Hispania, kilichokaa juu kabisa ya genge la chokaa, na kwa mpandaji ni kama kulala ndani ya ghala la chakula: unaamka, unatembea dakika chache, umefika mwambani. Bibi yangu (nasema bibi kama tunavyosema hapa kwetu, wasomaji wa pwani wasije wakadhani nilisafiri na nyanya) alikitazama kijiji hicho kwa moyo mweupe. Aliliona kanisa dogo la kale, akayaona magofu ya ngome ya Waarabu, akasimama mahali ambapo masimulizi ya wenyeji yanasema malkia wa Kiarabu aliruka gengeni na farasi wake ili asitekwe. Siku moja na nusu ikatosha kuyamaliza hayo yote. Kushuka hadi Cornudella, kwenye maduka, ni barabara ya kilomita kadhaa yenye kona nyingi, nasi hatukuwa na gari kwa kuwa nilikuwa nimeona kukodi ni kupoteza feza.

Siku ya tatu nikafanya kosa ambalo ndilo hasa limenifanya niandike jibu hili refu. Mwenzangu wa kupanda aliugua tumbo, nami nikamfundisha bibi kushika kamba, yaani kuizuia kutoka chini mpandaji anapoteleza, mchana mmoja, nikijidanganya kwamba hata yeye angefurahi kuwa na kazi. Mimi nina kilo 84 na yeye ana 58. Nilipoteleza, uzito wangu ulimnyanyua kutoka chini, akagonga mwamba kwa bega, na ingawa hakuiachia kamba, alitetemeka hadi jioni. Mtu mwenye uzito mdogo kuliko mpandaji huvutwa namna hiyo kila mara, na ndiyo sababu wazoefu hukaa karibu na ukuta, hujiandaa kunyanyuka, au hutumia kifaa cha kuongeza msuguano kwenye boliti ya kwanza. Hakuna hata moja kati ya hayo ninalopaswa kumdai mtu aliyekuja kupumzika. Usiku ule aliniuliza kwa sauti ya chini sana: «Baba watoto, mimi nimekuja likizo au nimekuja kulinda mifuko yako?» Sikuwa na jibu, na tulikuwa tumebakiza siku tisa.

Kwa hiyo la kwanza, kabla ya ramani na tiketi, tafuta mshika kamba mwingine. Panga na rafiki wa kule ulikosoma, au chagua mahali ambapo wapandaji ni wengi kiasi kwamba unapata mwenzi kwa kusalimiana tu mezani, au weka akiba ya kumlipa mwalimu wa huko kwa siku chache. Mkeo akitaka siku moja kuja kutazama, aje kama mgeni wako.

Safari ya pili aliichagua yeye. Nilimpa majina matatu, nikamwonyesha picha za vijiji, masoko na fukwe, wala si za majabali, kisha nikanyamaza, jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko njia yoyote ya daraja la saba la ugumu. Maswali yake yalikuwa ya mtu anayejua anachokitafuta: naweza kutoka nyumbani kwa miguu bila kukungoja, kuna chombo cha usafiri ninachoweza kupanda peke yangu, na je, kuna kitu chochote huko kinachonihusu mimi? Swali la mwisho sikulielewa wakati ule. Alichagua Kalymnos.

Kalymnos ni kisiwa cha Ugiriki katika bahari ya Aegea, katika kundi la visiwa linaloitwa Dodekanisa. Kwa karne nyingi kilijulikana kwa wapiga mbizi waliochuma sifongo chini ya bahari, na bandarini Pothia bado utaona maduka yaliyojaa sifongo hizo. Mwaka 1996 mpandaji mmoja wa Italia, Andrea Di Bari, alipokuwa likizoni huko, aliyaona majabali ya chokaa yaliyokuwa yakitazamwa na mbuzi tu, akarudi na wenzake kufungua njia za kwanza. Leo njia zimepita 3,000, na vijiji vya Masouri na Myrties, vilivyo chini ya majabali hayo, vinaishi kwa wapandaji wakati wa masika na hasa mwezi wa Oktoba, watalii wa joto wanapokuwa wameondoka na bahari ingali na uvuguvugu.

Sasa angalia jambo ambalo sikulikuta kwenye ushauri wowote niliousoma kabla ya kwenda. Sehemu kubwa ya majabali ya juu ya Masouri yanatazama kusini-magharibi, kwa hiyo asubuhi yako kivulini na baada ya adhuhuri jua huyapiga hadi mwamba unakuwa kama kikaango. Mpandaji mwenye akili huondoka alfajiri na kurudi saa saba au saa nane mchana, amechoka, ana njaa na hana sababu ya kurudi juu. Jua lenyewe ndilo linalokupangia ratiba ya ndoa. Bibi alikuwa na asubuhi yake nzima bila mimi, kisha mchana na jioni tulikuwa pamoja, na hakuna aliyehitaji kumwomba mwenzake ruhusa. Ungechagua mahali ambapo majabali mazuri yanapata kivuli mchana, ungekuwa unaondoka saa ileile ambayo yeye anataka kwenda kula samaki. Kwa hiyo unaposoma habari za mahali popote, usiishie kwenye idadi ya njia. Tazama ukuta umeelekea wapi na kivuli kinafika saa ngapi.

Asubuhi zake alizipitisha hivi. Alipanda basi la kwenda Pothia akazunguka sokoni. Alivuka kwa mashua ya dakika kumi kutoka Myrties kwenda Telendos, kisiwa kidogo kilicho mbele ya kijiji, kisicho na gari hata moja, akaketi na kitambaa chake cha kufuma miguu ikiwa majini. Mara mbili alikuja kunipokea chini ya jabali, kwa hiari yake, akiwa na chapati za jibini mkononi. Bukari, ugali wetu, hakupata, na hilo alilisema kila siku.

Kisha nikaelewa lile swali lake la mwisho. Unajua kwamba hapa Lubumbashi tuna sinagogi tangu enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, na kwamba familia nyingi za Wayahudi waliofanya biashara hapa zilitoka kisiwa cha Rhodes. Baba mkwe wangu, marehemu, alikuwa karani katika duka la mmoja wao, na bibi alikua akisikia jina la kisiwa hicho bila kujua kilipo. Rhodes iko katika kundi lilelile la visiwa, na kutoka Kalymnos kuna meli ziendazo kasi zinazofika huko kwa takriban saa tatu. Alikwenda, akalala usiku mmoja, peke yake. Katika mji wa kale, ndani ya kuta za zamani, aliiona sinagogi ya Kahal Shalom, iliyojengwa mwaka 1577 na ambayo ndiyo kongwe kuliko zote zinazotumika Ugiriki, akasimama kwenye uwanja mdogo wenye kumbukumbu ya Wayahudi zaidi ya 1,600 waliochukuliwa kisiwani humo mwezi Julai 1944 na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Aliporudi Kalymnos tulikaa barazani hadi usiku wa manane, yeye akizungumza, mimi nikisikiliza, na ngozi ya vidole vyangu haikutajwa hata mara moja. Usimtafutie mkeo kitu cha kumsahaulisha muda. Muulize kama kuna mahali duniani ambako tayari ana neno nako, kisha utazame kama karibu na hapo kuna jabali. Mara nyingi lipo.

Kuhusu Railay uliyoitaja, sijafika, ila nimeichunguza sana kwa kuwa bibi aliikataa na nilitaka kujua kama alikuwa na haki. Ni rasi ya Thailand, katika mkoa wa Krabi, iliyozingirwa na majabali kiasi kwamba haifikiwi kwa barabara, bali kwa mashua tu. Fukwe ziko chini kabisa ya njia, hivyo mwenzako anaweza kuogelea akikuona. Wakati mzuri ni kuanzia Novemba hadi Machi. Mvua hukaa kuanzia Mei hadi Oktoba. Chumvi ya bahari hula boliti za chuma cha kawaida, na hata zile zisizoshika kutu zimewahi kukatika huko, ndiyo maana wenye kuzitunza njia huweka za titani. Usijifunge kwenye boliti usiyoijua. Bibi alisema hataki kukaa mahali ambapo akitaka kuondoka lazima angoje mashua, na baada ya Siurana sikuwa na haki ya kumpinga.

Kama mkeo anapenda mji kuliko bahari, fikiria Arco, kaskazini mwa ziwa Garda nchini Italia, mahali ambapo mashindano ya kupanda yalianza kuvutia watu tangu miaka ya 1980. Ni mji hasa, wenye mitaa, ngome juu ya kilima na mabasi ya kwenda Riva, kandokando ya ziwa. El Chorro, karibu na Málaga, Hispania, inafaa wakati wa baridi, na ina Caminito del Rey, njia ya mbao iliyobanwa kwenye kuta za korongo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, ambayo asiyepanda anaweza kuitembea na akarudi na hadithi kubwa kuliko yako. Tiketi zake nunueni mapema. Lakini baada ya hiyo, kijiji kinabaki kuwa nyumba chache na kituo cha treni. Geyikbayırı ya Uturuki ina miamba ya ajabu, ila Antalya iko umbali wa kilomita 25 hivi, na bila gari mkeo atakuwa Siurana tena.

Makaratasi ndiyo yanayoua safari nyingi za kwetu, kwa hiyo nisiyapite haraka. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaiomba kwa nchi ambako mtakaa siku nyingi zaidi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na ada ya mtu mzima sasa ni euro 90. Bima lazima ifikie angalau euro 30,000, lakini soma maandishi madogo, maana nyingi haziwahusu wapandaji wa miamba, nawe utalazimika kuongeza. Ukienda Thailand au Uturuki usipitie Brussels wala Paris bila kujua kwamba sisi wenye pasipoti ya Kongo tunadaiwa viza hata ya kubadilisha ndege uwanjani tu. Pitia Addis Ababa. Thailand pia hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka kwetu. Sisi tulipitia Addis, tukashuka Athens, tukaruka hadi Kos, tukachukua basi hadi bandari ndogo ya Mastichari na kuvuka kwa feri. Ndege ndogo ya Athens hadi Kalymnos ipo, ila upepo huizuia mara kwa mara.

Vifaa sivisemi sana: kamba ya mita 70, si 60, na usimpe mkeo aibebe. Panda siku mbili, pumzika ya tatu, na siku hiyo ya tatu usiipange wewe.

Kitabu cha ramani za njia za Kalymnos ninacho, toleo la zamani kidogo; ukipita Kamalondo jioni yoyote nitakuazima. Bibi amesoma jibu hili kabla sijalituma, akafuta sentensi mbili, na amesema kwamba mkeo akitaka kumuuliza lolote waonane, ila sisi wawili tusiwepo.