Tikete yangu ni ya Lalibela

Ndugu zangu wa gazeti, wiki hii mumeuliza: kama mtu angekupatia tikete moja tu ya avio, ungeenda kuona jengo gani ya zamani na juu ya nini? Miye ningeenda Lalibela, Ethiopia, na njia haiko hata ya kuzunguka, Ethiopian Airlines inatua hapa kwetu Lubumbashi, unapita Addis Ababa.

Kule kuko makanisa 11 yenye hayakujengwa, yalichongwa, wanasema ni wakati wa mfalme Lalibela, mwisho wa karne ya 12 na kuanza ya 13. Kwa baadhi yao, watu walisimama juu ya mwamba wakachimba mutaro kuzunguka mpaka likabaki jiwe moja kubwa katikati, kisha wakaingia ndani ya ile jiwe wakatoboa milango, madirisha, nguzo, vyote kutoka juu kushuka chini. Ile ya Mtakatifu Georgi, Bete Giyorgis, iko na umbo ya musalaba na inashuka karibu mita 12, paa yake iko sawa na udongo wenye unakanyaga.

Hapa Katanga tunajua kuchimba, familia mingi ziko na mutu mu mine ao mu karieri, njo maana hii kazi inanigusa kuliko jumba lolote la Ulaya. Mwenye kujenga na matofali akikosea anabomoa anaanza tena, lakini mwenye kuchonga akishakata nguzo imekwisha, haiko jiwe ingine ya kuweka pale! Na maji sasa! Shimo ya namna ile, mvua ya milima ikinyesha, ingejaa kabisa, lakini walipima mitaro vizuri ili maji ikimbie, na mpaka leo watu wanasali ndani.

Mapokeo ya kule yanasema malaika walishika kazi usiku wakati watu wanapumzika. Ile ni imani yao na ninaiheshimu. Chenye sikubali ni wale wanaosema eti wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya njo walichonga, bila ushuhuda wowote. Padri Mreno Francisco Álvares alifika karne ya 16, akaandika kwamba amechoka kueleza juu watu hawatamuamini.

Ningechagua tarehe 7 Januari, Noeli yao, mahujaji wenye nguo nyeupe wanajaa kwenye kingo za mashimo, wamoja wametembea siku mingi kwa miguu. Lakini ningebaki mpaka warudi kwao, juu ninataka nishuke mu mitaro polepole nifuate kwenye maji inatokea.