Mchwa Si Chungu Mweupe

“Mwalimu, nimepewa kipeperushi cha dawa ya kuhifadhi mbao kinachosema kuwa dawa hiyo inaua ‘chungu weupe’. Hao ni mchwa au ni wadudu wengine? Na wingi wa mchwa ni michwa?” — Msomaji, Wete, Pemba.

Ndugu yangu, hao ni mchwa. Waingereza walipowakuta katika nchi za joto waliwapa jina la “white ants” kwa kuwafananisha na chungu kwa macho tu, na mwandishi wa kipeperushi chako amelitafsiri jina hilo neno kwa neno, bila ya kufungua kamusi wala kumuuliza seremala yeyote wa Wete. Kila nikilikuta hunikera, kwani linaiharibu lugha na kuipotosha elimu kwa pamoja.

Chungu ni wa ukoo wa nyuki na nyigu, ilhali mchwa ni wa ukoo wa mende, jambo ambalo uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulilithibitisha. Mtazame chungu: kiuno chake kimebanwa kama kilichofungwa uzi. Mchwa hana kiuno hicho. Chungu wafanyakazi wote ni majike; kwa mchwa, madume na majike hufanya kazi pamoja.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni kumbikumbi, ambao ni mchwa waliokwisha kuota mbawa. Wanapotoka baada ya mvua za vuli na kuzizunguka taa zetu, tunafagia mbawa asubuhi na kudhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza: dume na jike waliookoka hukatika mbawa, hufuatana, huchimba chumba chao ardhini na kukaa humo kama mfalme na malkia, wakiendelea kupandana kwa miaka, naye malkia wa baadhi ya aina hufikia kutaga maelfu ya mayai kwa siku moja. Dume la chungu hufa muda mfupi baada ya kumpanda jike. Basi wadudu wenye maisha yaliyotofautiana hivi huitwaje kwa jina moja? Na huo weupe uko wapi, ikiwa kumbikumbi ni wa rangi ya kahawia?

Wazee wetu hawakuwachanganya. Walikuwa na chungu, sisimizi, siafu, na maji moto, ambao kila mchuma karafuu anawajua kwa maumivu, na ambao hushona majani ya mti kwa nyuzi zinazotolewa na mabuu wao. Mchwa walimpa jina lake peke yake, na kiota chake wakakiita kichuguu. Lugha yenye hazina hiyo haina haja ya kuazima kosa. Isitoshe, chungu cheupe ni chombo cha kupikia, na msomaji asiyezingatia upatanisho wa kisarufi atababaika bure.

Ama wingi, ni mchwa vilevile: mchwa huyu, mchwa hawa. “Michwa” naisikia kila siku, hata kwa watu wazima, na nimechoka kuikemea katika mazungumzo. Katika maandishi siikubali.