Ukitenda Wema, Unakwenda Wapi?

Mwanangu mpendwa,

Salamu za hapa Muleba zikufikie huko Mwanza. Baba yako hajambo, mvua imenyesha vizuri na senene wameanza kuruka. Kopo lako nimeshaliweka kando.

Ule ujumbe wa sauti ulionitumia Jumapili usiku nimeusikiliza mara tatu. Umesema tangu mkweo apatwe na kiharusi mwezi wa nne, wewe ndiye unayemwogesha, unayemlisha na kumbadilisha nepi. Juzi wifi yako alipoingia na maboksi mawili ya juisi, mama akamshika mkono, akalia, akasema kwa ule ulimi wake mzito kwamba huyu ndiye mtoto anayemkumbuka. Na wewe umesimama mlangoni na beseni. Ndipo ukaniuliza: "Mama, wewe ulihudumia wagonjwa wa watu miaka yote ile, hata shukrani hukupewa. Nguvu ulikuwa unazitoa wapi?"

Nitakujibu ukweli, maana naona umekua ukidhani mama yako hakuwahi kuumia.

Ulizaliwa 1991. Ule ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umeshapiga hodi karibu kila nyumba. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa hapa hapa Kagera mwaka 1983. Watu wakauita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa wafanyabiashara wa njia ile walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuugua. Sisi wanawake saba wa jumuiya tukagawana nyumba za kutembelea. Tulikuwa na ndoo, sabuni ya mche, vipande vya kanga zilizochakaa, na mifuko ya nailoni ya kuvaa mikononi, kwa kuwa glavu hatukuwa nazo. Wewe nilikuwa nakuacha kwa bibi yako.

Katika nyumba zangu kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa na duka zamani. Nilimhudumia miezi mitano. Alikuwa akinitukana. Siku moja alinirushia bakuli la uji, nikarudi nyumbani na uji kifuani. Nikavumilia, lakini nikwambie nilivumilia kwa sababu gani: nilikuwa nasubiri. Moyoni nilijua ipo siku yeye au ndugu zake watasema, huyu mama ndiye aliyetustiri. Siku ya mazishi kaka yake aliyetoka mjini akasimama kushukuru. Akashukuru waliochimba kaburi, aliyenunua jeneza, walioleta ndizi na pombe, hata mwenye gari. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Jina langu halikutajwa.

Nilikasirika, mwanangu, hasira ambayo sikumwambia hata baba yako. Ndoo nikaipindua nyuma ya nyumba nikasema basi. Wiki tatu sikutoka. Na ajabu ni kwamba katika wiki zile tatu za kupumzika nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka nikichota maji. Usiku silali. Naendesha kesi kichwani, mlalamikaji mimi, hakimu mimi, na mshitakiwa yuko kaburini.

Aliyenitoa ndani alikuwa mtoto wa miaka kama minane. Alikuja jioni na dumu tupu, akasimama uani. Mama yake alikuwa katika zile nyumba zangu nilizozitelekeza. Akasema, "Mama amelowa, mimi siwezi kumgeuza."

Nikaenda, na hasira yangu nikaenda nayo. Mtoto akashika kibatari. Nilimkunja yule mama goti, mkono mmoja begani, mwingine nyongani, nikamvuta taratibu upande wangu kama tulivyofundishwa. Kiunoni kulikuwa na kidonda cha kulalia ambacho hakikuwapo nilipomwacha. Ukubwa wake kama kifuniko cha chupa. Wiki tatu zangu za kudai shukrani zilikuwa zimeandikwa pale kwenye ngozi ya mtu ambaye hakuwa ananidai wala hakuwa amenikosea lolote. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe, nikaanza kusafisha. Nikiwa pale sikumkumbuka tena yule kaka mtu wala hotuba yake. Nilikuwa naangalia kidonda tu, na jinsi yule mama alivyokuwa akishusha pumzi kila nilipomaliza upande mmoja. Usiku ule nililala hadi jogoo wa pili.

Watu husema "tenda wema uende zako, usingoje shukrani." Nilikuwa naisema hata mimi, na ilikuwa ikinikera, kwa sababu ukiuguza huendi popote. Kesho unarudi kwenye kitanda kile kile, kwa mtu yule yule. Mimi "zangu" nilizipata pale kwenye kidonda: kimekauka au bado? Ameshiba? Amelala mkavu? Nikishajibiwa hayo, siku yangu ilikuwa imelipwa. Jioni nikifunga mlango wao, sikuwa natoka na deni la mtu mkononi.

Kilichokuwa kigumu zaidi ya shukrani ni kuacha kutarajia kwamba watapona. Yule mama alifariki. Wote wa miaka ile walifariki. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na hadi leo nikiona foleni ya kliniki, watu wazima wenye afya wamekaa wanachekeshana, huwa nasimama kidogo barabarani. Nawakumbuka wangu. Lakini sijawahi kusema nilipoteza muda. Walikufa wakiwa wasafi, na kuna mtu aliyewashika.

Sasa wewe. Mkweo kumlilia wifi yako na kukununia wewe, usilipime kama hukumu. Kiharusi huugusa ubongo. Wengine hulia ovyo au hukasirika bila kukusudia, na hasira humwangukia aliye karibu. Aliye karibu ni wewe, na kila asubuhi unamwona uchi. Mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa, unadhani hilo ni jepesi kwake?

Endelea kumgeuza kila baada ya saa mbili. Mkono uliolegea uwekee mto, usiuvute unapomwinua. Akila awe amekaa wima, umpe kidogo kidogo, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Akianza kukohoa kila anapokunywa, mrudisheni kwa daktari.

Ila usinielewe vibaya. Shukrani uache kuisubiri, lakini msaada udai. Hapa ndipo mimi nilipokosea kwa miaka, nikadhani kunyamaza ndiyo utumishi. Mume wako ana mikono, amwogeshe mama yake Jumamosi na Jumapili. Shemeji zako mkae nao, mgawane zamu na gharama za nepi. Waambie bila kelele na bila kuwahesabia ulichokwisha kufanya. Ukihisi unataka kumshika mama kwa nguvu au kumjibu vibaya, toka nje kwanza, mwite jirani. Hiyo ni dalili ya uchovu, na uchovu hautibiwi kwa sala peke yake.

Nimeongea na baba yako. Nitapanda meli ya Alhamisi, Ijumaa asubuhi nitakuwa hapo. Nitalala chumbani kwa mkweo siku nne, wewe utalala chumba kingine na simu umeizima. Mwambie mama naja. Akinyamaza, wewe mwambie tu, halafu uniandalie beseni na vipande vya kanga vya zamani, vile laini.

Mama yako